Shamba Alilonipa Mheshimiwa

Jumanne, 6 Aprili
Torquil ameingia leo mchana bila kubisha. Hilo si ajabu. Hapa Bragabost, kijijini kwetu kisiwani, hakuna anayebisha mlango. Unafungua, unaingia huku unaongea, unajimiminia chai. Wanaobisha ni polisi, wauza bima na waomba kura. Mwanamke aliyefuatana naye, Fenella, ambaye kazi yake ni kumpangia picha na maneno ya kusema, alibaki nje kwenye upepo akigonga kwa adabu. Torquil akamcheka.

"Ingia bwana, hii ni kwangu. Kwangu hatubishi."

Kwake! Miaka mitatu hajatia mguu hapa. Baba alipofariki, nyumba na shamba viliandikwa kwa jina la Torquil kwa sababu yeye ni mwanamume. Mimi, niliyemwogesha Baba na kumlisha Mama kwa kijiko, niliyezalisha kondoo kwenye mvua ya barafu huku yeye akihutubia Edinburgh, ninaishi hapa kwa hisani ya mdogo wangu.

Anagombea tena ubunge. Wafungwe wote wanaompa huyu mtu kipaza sauti.

Jumatano, 7 Aprili
Upepo wa mashariki, mkavu. Kondoo wawili wamezaa. Mheshimiwa ameamka saa nne.

Ijumaa, 9 Aprili
Nimemuuliza habari ya shamba. Nilikuwa nakaanga soseji ya damu, anayoipenda, nikidhani akiwa na shibe atakuwa na haya.

"Dada, safari hii nikipita, shamba linakuwa lako. Nakuapia."

"Safari iliyopita uliapa pia."

"Safari iliyopita nilianguka."

"Na ile ya kabla yake? Si ulipita?"

Akapaka siagi mkate wake mpaka pembeni kabisa, taratibu, kama mtu anayepaka rangi dirisha. "Nilikuwa waziri, Angusina. Hujui kazi za waziri." Kisha akasema bila kuniangalia, "Tatizo ni nikianguka. Nikianguka sina kazi, itabidi niliuze. Kuna mume na mke wa kusini wanalitaka, waweke vijumba vya watalii. Kwa hiyo unaona, ni kwa faida yako. Niunge mkono. Lolote nitakalosema, niunge mkono tu."

Yaani akishinda nitangoja, na akishindwa nitafukuzwa. Nina miaka sitini na mmoja. Nikageuza soseji. Nimeziunguza kwa makusudi na amezila zote.

Jumapili, 11 Aprili
Ibada. Torquil amekuja kanisani, eti. Kwetu Zaburi tunaimba tumekaa, na sala tunasimama. Ilipoanza Zaburi akainuka peke yake, suti imemkaa vizuri, kifua mbele. Kanisa zima limekaa. Aliimba ubeti mzima kabla hajashtuka. Wakati wa sala, wote tuliposimama, yeye alikuwa keshakaa na kufumba macho. Siku ya Bwana si ya kucheka, kwa hiyo nimecheka Jumatatu asubuhi, na ndipo ninapoandika haya.

Jumanne, 13 Aprili
Fenella ameniomba "historia ya safari ya kisiasa ya kaka yako". Nikamwambia ni mdogo wangu, si kaka. Akaandika hilo kama vile ni jambo kubwa.

Hii ndiyo historia ambayo sikumpa. Akiwa na miaka ishirini na mbili alipanda juu ya meza hotelini mjini akapiga kelele kwamba ardhi ya visiwa lazima itolewe kwa wanaoilima. Nilikuwepo, nikalia kwa fahari, mjinga mimi. Akaingia baraza la visiwa kwa chama cha kwanza akiapa kuilinda shule yetu. Shule ikafungwa, na mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Alisema alipiga kura kwa uchungu. Akahamia chama cha pili kwa sababu cha kwanza "kilimsahau mtu wa kawaida", yaani hakikumpa cheo. Cha pili kikampa. Akawa waziri mdogo kwa muda usiotosha hata kondoo kukua, akaja hapa na gari jeusi, akamwambia Dolina jirani yetu kwamba serikali inamsikiliza. Dolina akamwambia basi iisikilize na paa lake, linavuja. Hakuna aliyekuja. Akaanguka. Akakaa kwenye bodi ya wafuga samaki, akakaa kwenye bodi nyingine ya kitu ambacho hata yeye hakuweza kunieleza. Sasa ni mgombea binafsi, "Sauti ya Visiwa", na amenunua sweta.

Alhamisi, 15 Aprili
Sweta linamwasha. Anajikuna jikoni akidhani simwoni.

Jumamosi, 17 Aprili
Kinamasi kimekauka vya kutosha, watu wameanza kukata mboji, udongo mweusi tunaoukausha na kuuchoma kama kuni mwaka mzima. Fenella amefurahi sana. Anataka picha ya Torquil akikata.

Nikamwelekeza Torquil: ukingo wetu, yaani mahali petu pa kukatia, ni wa tatu ukitoka kwenye lile jiwe jeupe, umeinama kidogo. Nikamwambia pia, kwa kuwa nina moyo mzuri kupita anavyostahili, kwamba lile tabaka la juu lenye majani linalazwa chini shimoni, majani juu, ili kinamasi kipone. Alikuwa akisoma simu.

"Dada, nimezaliwa na mboji."

Umezaliwa hospitali ya mjini, nikasema, na uliletwa kwa basi.

Jumatatu, 19 Aprili
Sijui hata nianzie wapi.

Dolina ameingia asubuhi, ana miaka themanini na mbili, fimbo mkononi na gazeti kwapani. Hakujimiminia chai. Nikajua kuna msiba.

"Angusina mwanangu, nani kafa kwenu hata mtu aje kukata ukingo wangu?"

Akafungua gazeti mezani. Torquil ukurasa mzima, sweta, buti mpya zinang'aa, mguu umekanyaga koleo la mboji kama anachimba kaburi. Nyuma yake bahari na kisiwa kidogo. Picha nzuri, siwezi kukataa. Ila kutoka ukingo wetu bahari haionekani. Ukingo ambako bahari huonekana ni mmoja tu, wa Dolina.

Mtu wa Bragabost anaweza kukosana na jirani kwa mpaka, kwa mbwa, hata kwa mafundisho ya dini, wakasalimiana baada ya mwaka. Kukata ukingo wa mwenzio ni kama kuingia jikoni kwake na kujipakulia kwenye chungu chake akiwa amekaa hapo hapo. Watu wameacha kusemeshana hadi kufa kwa jambo hilo. Na chini ya picha wameandika: *Mwana wa kinamasi.*

Tulikwenda wote wawili. Lo! Afadhali ningepelekwa kuona ng'ombe aliyekufa. Amekata kama mtu anayekata keki akiwa amelewa. Matofali ya mboji hayalingani, mengine yamevunjika, na lile tabaka la majani kalitupa ovyo, mizizi inatazama mbinguni. Hapo pasingeota kitu tena.

Dolina aliinamia fimbo yake. Mumewe ndiye aliyeuanza ukingo ule. "Simlaumu kwa wizi," akasema. "Mwizi angechukua. Huyu kaharibu kisha kaacha."

Tukapiga magoti. Tulipindua tabaka moja moja, majani juu, tukalibana kwa viganja mpaka jua likasogea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya ukoo wetu, na yeye akanishika mkono wenye tope.

"Ukoo hauna kosa. Ila mimi nitamuuliza."

"Muulize."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, Bi Dolina."

Jumanne, 20 Aprili
Nimemwambia Torquil. Akacheka, akauliza kama Dolina ana kadi ya kupigia kura. Sikumpikia.

Alhamisi, 22 Aprili
Mvua nyepesi. Mwanakondoo mmoja amekufa. Sauti ya Visiwa imeenda kisiwa kingine kusikilizwa huko.

Jumapili, 25 Aprili
Ibada. Torquil hakuja. Mchungaji alihubiri kuhusu kuhamisha mipaka ya jirani na hakutaja jina. Watu wote walitazama kiti chetu na mimi nilikuwa nimekaa hapo peke yangu, kama mtuhumiwa.

Jumatano, 28 Aprili
Niandike yote, moja baada ya jingine, kabla watu hawajaanza kuyatia chumvi.

Mkutano wa wagombea ulikuwa ukumbini leo saa moja jioni, jua bado liko juu. Watu walijaa hadi kwenye madirisha. Redio ilikuwepo kurekodi. Mwenyekiti alikuwa Iver, karani wetu wa malisho, anayejua kila shamba ni la nani na kila kondoo ana alama gani, mtu asiyecheka hadi aombwe. Mezani Torquil na sweta lake, na Marsali Nicolson, daktari wa mifugo, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini akinuka zizi. Kulikuwa na mgombea wa tatu pia, ila alikuja kutimiza idadi tu.

Torquil alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Ana sauti. Akazungumzia moshi wa mboji, mikono ya Baba, dada yake mpendwa "anayelinda moto wa nyumbani". Wageni wawili wenye nyumba za likizo wakafuta machozi.

Kisha Dolina akainuka.

"Torquil mwanangu, shikamoo siitaki leo. Ukingo uliokata ni wangu. Wenu uko wapi?"

"Bi Dolina, naomba radhi, kulikuwa na… mpiga picha alichagua…"

"Sikuuliza mpiga picha. Wenu uko wapi?"

Akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta. Mtoto wa darasa la kwanza hapa angemjibu: wa tatu ukitoka jiwe jeupe. Akasema, "Uko upande wa ziwa."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia katika ukumbi ule, hata harusini. Upande wa ziwa hakuna mboji, ni miamba mitupu.

Marsali hakucheka. Akasogeza kipaza sauti. "Mheshimiwa, mimi nina swali dogo. Vijana wa hapa wanalala kwenye karavani, vijumba vya magurudumu, wakingoja shamba. Wewe una shamba usilolilima, huishi humo, hata ukingo wake huujui. Na ulianza siasa kwa kusema ardhi ni ya anayeilima. Unalirudisha lini?"

Makofi. Mtu nyuma akapiga mluzi. Torquil akageuka rangi ya maziwa. Namjua tangu akiwa kwenye nepi. Akibanwa kona hasemi uongo mdogo, anasema ule mkubwa kuliko yote. Alipovunja dirisha la shule alisema kuna ndege ya kivita imepita.

"Sina shamba," akasema.

Iver akainua kichwa.

"Sina shamba hata moja!" Sauti ikapanda, ikapata joto. "Sikutaka kulisema hili, kwa sababu ni jambo la familia. Shamba la baba yangu nilimpa dada yangu. Zamani. Kwa sababu naamini, na nimeamini tangu nikiwa kijana juu ya ile meza, kwamba ardhi ni ya anayeilima. Muulizeni! Yule pale."

Watu wote wakanigeukia. Na Torquil, huko mbele, mbele ya macho ya kila mtu ila hakuna aliyemwona isipokuwa mimi, akanikonyeza.

Nilitaka kusema kweli. Mungu anajua. Maneno yalikuwa ulimini: mwongo huyu, hajanipa hata mfuko wa chumvi. Yangemmaliza. Na kesho yake angewapigia simu wale watu wa kusini wenye vijumba. Nikawaona wazi kabisa wakipima zizi langu kwa kamba.

Lolote nitakalosema, niunge mkono tu.

Nikasimama. "Ni kweli," nikasema. "Mdogo wangu amenipa shamba. Nyumba, ardhi, fungu letu la malisho kilimani na ukingo wa mboji, wa tatu ukitoka jiwe jeupe. Hakutaka litangazwe, ni mtu mnyenyekevu sana. Lakini kwa kuwa amelitangaza mwenyewe mbele ya kijiji, na mimi namshukuru mbele ya kijiji. Iver, wewe ndiye karani. Umesikia?"

Iver akafunua orodha yake. Yeye anajua shamba liko kwa jina la nani; anajua kuliko wote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nimesikia," akasema. "Na kwa kuwa katika orodha yangu bado halijabadilishwa, nadhani Mheshimiwa alipitiwa tu. Nitamletea fomu ya tume ya mashamba aweke sahihi. Redio, mmenasa?"

"Tumenasa," akasema yule kijana wa redio.

Makofi yalipasua paa. Watu walisimama. Wanawake walimlilia Torquil. Na yeye alikuwa akitabasamu kwa meno yote huku macho yakinitazama kama samaki aliyetolewa majini.

Nje, karibu na gari, akanikamata kiwiko. "Umefanya nini, Angusina?"

"Nimekuunga mkono."

"Unajua vizuri kwamba mimi sija…"

"Hujafanya nini? Sema kwa sauti, Torquil. Redio hawajaondoka."

Alhamisi, 6 Mei
Nimempigia kura Marsali. Mvua ya mawe.

Ijumaa, 7 Mei
Torquil amepita.

Amepita kwa tofauti ndogo, na watu wote wanajua kilichompitisha. Dukani, kwenye meli, barabarani, ni maneno yale yale: mwongo ni mwongo, lakini mtu aliyempa dada yake shamba hawezi kuwa mbaya kabisa. Wameniambia mimi hayo usoni, wakinishika bega. Yule mwanamke wa posta alisema nina bahati.

Marsali alikuja kumtibu kondoo wangu jike jioni. Alifanya kazi yake hadi mwisho, mkono ndani hadi begani, akatoa mapacha wazima. Alipokuwa akinawa akasema, "Lile shamba halikuwa limetolewa, au siyo?"

Nikashindwa kumdanganya. "Halikuwa."

"Nilijua. Niliona Iver alivyofuta miwani." Akajifuta mikono. "Mimi ningefanya hivyo hivyo." Hakutaka chai. Namdharau Torquil kwa mambo mengi, ila leo namdharau zaidi kwa kunifanya nimlipe Marsali hivi. Nimevipa visiwa hivi miaka mitano ya yule mtu ili mimi nipate zizi.

Jumatatu, 17 Mei
Nimekata mboji. Dolina alikaa kwenye kiti akinikosoa.

Jumatano, 26 Mei
Simu. "Dada, haraka ya nini? Mambo ya fomu huchukua muda. Tuyaache yapoe."

"Yapoe hadi lini?"

"Tuone mwakani."

Nikamwambia Iver. Iver akavaa kofia.

Jumatatu, 31 Mei
Makubwa! Torquil amepewa cheo. Naibu waziri, na wizara yenyewe ni ya ardhi. Magazeti yote yana habari ya "mtu aliyetoa shamba lake". Fenella alipiga simu akiwa amechanganyikiwa: mwandishi mmoja wa Edinburgh anataka kuona sahihi. Iver ndiye aliyempigia mwandishi huyo, kumpongeza tu, alivyosema, na kumweleza kwamba mpaka sasa sahihi haijafika.

Jumamosi, 12 Juni
Ameweka sahihi. Palepale ukumbini, mbele ya kamera, kwa kalamu ya Iver. Alitoa hotuba. Alisema ni siku ya furaha kuliko zote maishani mwake, na aliandika kwa haraka hata jina lake halikusomeka. Iver akamwambia aandike tena.

Nilijua ningelia. Sikulia pale. Nililia kwenye zizi, na kondoo walidhani nimewaletea chakula.

Juni yote iliyobaki
Mvua. Visubi. Mboji haikauki, nimeigeuza mara mbili. Tume imekubali. Bado nafungua mlango wangu mwenyewe na kuutazama kama mjinga.

Jumamosi, 24 Julai
Mboji iko nyumbani yote. Iver na vijana wa karavani walileta trekta, tukaijenga ukutani upande wa magharibi, mgongo wa rundo umekaa sawa kama alivyokuwa akiujenga Baba. Mmoja wa vijana hao nimemwambia ataweka nyumba yake kule chini karibu na kijito, kwenye kipande ambacho sikilimi. Alinitazama kama sijasema kitu cha kawaida.

Baadaye nilikuwa na Dolina mezani, chai na mikate ya shayiri, tuliposikia mlango. Ngo, ngo, ngo.

Tukatazamana.

"Nani huyo anayebisha?" Dolina akauliza. "Bima?"

Nikachungulia dirishani. Torquil, peke yake, bila Fenella, bila gari jeusi. Alikuwa amesimama kwenye jiwe la mlango akijifuta buti kwenye nyasi, kushoto, kulia, tena kushoto. Akainua mkono, akaushusha. Nilifikiri ataondoka.

"Mwomba kura," nikamwambia Dolina.

"Uchaguzi si umeisha?"

"Kwake hauishi."

Nikamalizia chai yangu kwanza. Akabisha tena, polepole zaidi. Ndipo nikainuka, nikaufungua mlango, nikamwona anatafuta la kusema na safari hii halipati.

"Ingia, Torquil," nikasema. "Kwangu hatubishi."